Unafundisha wauguzi kipindi cha mlipuko? Hesabu zamu, acha kuhesabu maboksi

Vyuo vya Tanzania vilipofunguliwa Juni 1, 2020, baada ya kufungwa kwa ajili ya Korona tangu katikati ya Machi, sisi wakufunzi tuliulizwa swali moja: vifaa vinatosha? Orodha ya stoo ilisema vinatosha. Glavu zipo, vitakasa mikono vipo, gauni zipo, mdoli wa mazoezi upo.

Orodha ya namna hiyo haimsaidii mkufunzi. Mwenzangu, jiulize hivi: kabla ya kuingia wodini, kila mwanafunzi atakuwa amevaa na kuvua vifaa kinga mara ngapi, kwa mikono yake, mtu akimtazama? Tuseme una darasa la watu 80 na gauni 6, na unataka kila mmoja arudie mara tatu. Hizo ni zamu 240. Zipange kwenye ratiba ya wiki uone kama zinaingia. Zisipoingia, vifaa havitoshi, hata stoo ikiwa imejaa hadi darini.

Tenga seti ya mazoezi peke yake. Gauni ziwe za kitambaa, zifuliwe. Barakoa watu wasishirikiane: kila mwanafunzi awe na yake ndani ya bahasha ya karatasi yenye jina lake. Seti yote iandike MAZOEZI kwa maka peni, la sivyo siku wodi ikiishiwa utazikuta huko.

Muda mwingi upeleke kwenye kuvua. Kuvaa hakuna maneno. Ukibandika picha ukutani, hata wa mwaka wa kwanza atavaa vizuri. Mtu anajichafua anapovua, amechoka, jasho linamtiririka na miwani ina ukungu. Chukua rangi ya maji, ile ya watoto wa chekechea, ipake kwenye viganja vya glavu na kifuani pa gauni, kisha mwambie avue: glavu na gauni kwanza, anawe, miwani, barakoa mwisho, anawe tena. Halafu mkague. Kijana mmoja, hodari kweli wa nadharia, alikuwa na rangi ya bluu chini ya sikio na bado anaapa hajagusa uso. Tukampa kioo. Darasa zima lilicheka, na siku hiyo hapakuwa na haja ya mhadhara. Homa ya Marburg ilipoingia Bukoba Machi 2023, miongoni mwa waliougua walikuwamo wahudumu wa afya, kwa hiyo zoezi hili si la Korona peke yake.

Klorini nayo ichanganywe kwa kopo, si ubaoni. Ya dukani yenye asilimia 3.5, kopo moja kwa makopo sita ya maji, inakupa asilimia 0.5. Kila mtu anaijua kanuni mpaka umkabidhi ndoo.

Masomo ya simu yanategemea bando, na bando ni pesa ya mwanafunzi. Video ya dakika mbili inayoonyesha jambo moja inafaa kuliko faili la kurasa 90 ambalo hatalifungua. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na kozi za bure kwenye tovuti yake ya OpenWHO. Tulizipakua chuoni, tukaziweka kwenye flashi, zikazunguka mabwenini. (Flashi zilirudi na virusi vya kompyuta, lakini hivyo tulivizoea.)

Vifaa vikiwa haba kabisa, chagua stadi ambazo muuguzi asipozijua mtu anakufa palepale. Mimi huanza na kumsaidia mtoto mchanga apumue ndani ya dakika ya kwanza, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Wajawazito hawasubiri mlipuko uishe. Mdoli mmoja na mfuko mmoja wa kupulizia vinatosha vikundi vidogo, mradi kinyago cha mfuko, kile kinachofunika pua na mdomo, kinafutwa kwa spiriti kila mtu anapomaliza.

Kigumu zaidi ni wodi yenyewe. Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, mwenye boksi moja la glavu kwa siku nzima hawezi kuwapokea wanafunzi kumi, na simlaumu. Mpelekee wanne, waje na glavu na barakoa za chuo, na hilo mkubaliane kwa barua kabla hawajafika. Mwanafunzi akifika mikono mitupu ataishia kusimama mlangoni na kushika faili. Omba pia waende mchana, raundi ya madaktari ikishaisha. Wodi inakuwa imetulia na nesi anapata nafasi ya kumrudisha mtu arudie.