Jibu: Mbona chewa anafika juu tumbo liko mdomoni?

Mkuu, unasema chewa uliyemvuta kwa mshipi huko nje ya Tanga alifika juu macho yamemtoka na tumbo limejaa mdomoni, na ndoana ilishika mdomo tu. Si ugonjwa wala sumu, mle bila wasiwasi. Ni hewa.

Chewa ana mfuko wa hewa ndani unaomsaidia kuelea. Sisi huku juu tunagandamizwa na hewa. Ukishuka baharini, kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo mwingine kama huo. Pima 16, karibu mita 30, ni mara 4 ya huku juu. Ukimvuta haraka, gesi ile ile inataka nafasi mara 4, naye hana njia ya kuitoa upesi. Inasukuma kila kilicho mbele yake.

Wengi hawajui kwamba patamu ni karibu na juu. Kutoka mita 40 hadi 30, gesi inatanuka robo tu. Kutoka mita 10 hadi juu, inakuwa mara 2! Ndiyo maana mzamiaji wa mtungi, anayevuta hewa ya mtungi akiwa chini, hazuii pumzi akipanda, mapafu yatachanika. Anayezamia pweza kwa pumzi aliyoivuta juu hana shida hiyo, inarudi tu ilivyokuwa.

Na silikanti wetu, yule samaki wa kale wa kilindini? Mfuko wake umejaa mafuta, si hewa, na mafuta hayatanuki hivyo. Jarife, wavu mkubwa wa papa, likimtoa kilindini, tumbo linabaki mahali pake.