Shekhe, niko chuo Marekani, nijiunge na sororiti?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mi binti wa Tanga, niko mwaka wa pili Howard, Washington, nasoma baiolojia, nikijaaliwa niende udaktari. Rumeti wangu, ninayelala nae chumba kimoja, kaingia sororiti ya Delta Sigma Theta, yaani kile chama cha mabinti wa chuo, na ananivuta na mimi, anasema wanashikana mikono mpaka makazini. Ila ogani kemistri inanitoa jasho, na nasikia kuna kiapo cha siri. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu. Kwanza tusiwaonee hao mabinti, Delta ilianzia hapo hapo chuoni kwenu Januari 1913, wanafunzi 22, na miezi miwili haijatimia washatoka barabarani Washington kwenye maandamano ya wanawake kudai kura, si jambo dogo kwa wasichana weusi wa zama zile. Na watu kuungana kwa kheri dini haikatazi, Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria mkataba wa Hilful Fudhuul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaafikiana kumtetea aliyedhulumiwa, na baadae akasema angeitwa kwenye mkataba kama ule ndani ya Uislamu angeitikia. Lakini angalia, waliokaa pale walijua wanakubaliana nini.

Wewe unatakiwa uape kwanza halafu ndo ujue, hapo sikupitishi. Mtume kasema mwenye kuapa na aape kwa Mwenyezi Mungu au anyamaze, na Delta alama yao mojawapo ni Minerva, mungu mke wa Warumi wa kale, wengi wao watakwambia ni nembo ya hekima tu na pengine ni kweli, ila nembo ukutani na maneno ya kutamka mdomoni ni vitu viwili. Muulize rumeti wako bila kuzunguka, anatajwa nani kwenye kile kiapo? Akisema haruhusiwi kusema, basi ushapata jibu, usiape.

Muda sasa, we mwenyewe ushasema kemia inakutoa jasho, sasa uongeze vikao vya usiku wiki kwa wiki halafu alfajiri ikukute umelalia daftari? Na hela je? Kuna ada ya kujiunga, kuna michango, kuna manguo ya chama, kama anayekutumia ni baba basi ile ni amana ya masomo, mpigie umwambie wazi ni ya nini, usije ukamwambia ya vitabu (mnatujua sisi wazazi, tunatuma tu).

Halafu haraka ya nini, hawa wana matawi ya waliohitimu, mtu anajiunga ana digrii na mshahara wake. Na kama ni upweke, nahisi ndo kiini cha swali hili japo hukukiandika, tafuta jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu hapo chuoni, ijumaa swalini utawakuta. Rumeti usimnunie, kula nae, someni pamoja. Wallahu aalam.