Msomaji wa kaunta na msomaji wa simu ni yule yule

Maktaba nyingi siku hizi zina namba ya WhatsApp iliyobandikwa mlangoni, ila namba hiyo mara nyingi haina mwenyewe. Simu iko kwenye droo, aliyeizoea yuko likizo, na swali la Jumatatu asubuhi linajibiwa Alhamisi, kazi ya msomaji ikiwa imeshakusanywa. Kama hakuna wa kuishika, afadhali msiibandike. Mkiibandika, iingie kwenye zamu ileile ya kaunta.

Huduma huanza kuharibika kwenye swali. Watu huuliza kile wanachodhani maktaba inaweza kujibu, si kile kinachowasumbua.

"Shikamoo mama. Naomba kitabu cha sheria."

"Marahaba mwanangu. Sheria inayohusu nini?"

"Ardhi."

"Ni ya kazi ya chuo, au kuna eneo lenyewe?"

"Kuna shamba. Kijijini."

Angeonyeshwa rafu ya 340, namba ya vitabu vya sheria, na kuachwa hapo, angerudi nyumbani mikono mitupu. Tanzania Bara ina sheria mbili za ardhi za mwaka 1999: Namba 4 ni Sheria ya Ardhi, Namba 5 ni ya Ardhi ya Vijiji, na mwenye shamba kijijini anahitaji kuanzia hiyo ya pili. Usimwulize "kwa nini unataka?" kwani hilo humfunga mtu mdomo. Muulize ataitumia kwa kazi gani, kisha inuka uende naye hadi kwenye rafu. Kidole kinachoelekeza kule mwisho kushoto si huduma.

Hapohapo rafu na mtandao vinakutana. Sheria iliyochapwa haijui marekebisho yaliyokuja baadaye, kwa hiyo kabla hajaondoka fungueni pamoja TanzLII, tovuti ya bure ya sheria na hukumu za Tanzania, mlinganishe. Akiuliza "nitashinda kesi?", ishia hapo. Mkutubi huonyesha kifungu kilipo. Kukitafsiri ni kazi ya mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria. Maswali ya dawa na magonjwa yaendeshwe vivyo hivyo.

Kwenye simu huoni uso, na maswali matatu yakitumwa mojamoja hula nusu siku. Yaweke kwenye ujumbe mmoja: "Habari za asubuhi, ndugu. Nimepokea. Naomba kujua: ni kwa kazi gani, unataka maandishi ya Kiswahili au Kiingereza, na unayahitaji lini? Utapata jibu kabla ya saa 8 mchana." Hiyo saa ndiyo inayomtuliza. "Tutakujibu hivi karibuni" humfanya apige simu mara nne. WhatsApp Business hukuruhusu kuhifadhi majibu ya aina hii na kuyaita kwa alama ya mkwaju (/), na pia kuweka ujumbe wa kujituma wenyewe mkiwa mmefunga. Ujumbe huo utaje saa mnayofungua kesho.

Sasa kutuma. Picha ya ukurasa mmoja iliyopigwa kwa simu inaweza kufika MB 3 au zaidi; kurasa 20 zinakuwa MB 60, na hilo ni bando la mtu. Tumia skana kwa dpi 300 (nukta kwa kila inchi), rangi ya kijivu, uunganishe kurasa zote kuwa PDF moja, kisha mwambie ukubwa wake kabla hujatuma. Tuma kama hati. Ukituma kama picha, WhatsApp huibana na maandishi madogo hayasomeki. Tuma sura anayoihitaji, si kitabu kizima, maana hakimiliki haikomi mlangoni.

Viungo vina mtego wake. Anwani unayonakili juu ya kivinjari baada ya kuingia kwenye hifadhidata mara nyingi ni ya muda wako wewe. Msomaji akiibofya inamrudisha mwanzo au inamwambia muda umekwisha. Tafuta DOI ya makala, yaani namba yake ya kudumu mtandaoni, na uitume ikianza na https://doi.org/. Na kama taasisi yenu inatumia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida ya kitaaluma mtandaoni, nywila ni ya taasisi. Ikirushwa kwenye kundi la wanafunzi, kesho iko nje ya chuo, na mnaweza kufungiwa wote.

Katalogi ikisema kitabu kipo na rafuni hakipo, msomaji wa mbali huona amedanganywa. Kabla ya kumjibu "kipo, njoo", nenda ukishike mkononi. Sababu ya kwanza ni wasomaji wanaorudisha vitabu wenyewe, kwa hiyo waombe waviache mezani. Ya pili ni lebo. Kwenye namba za Dewey zinazopanga vitabu rafuni, fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Anayepanga kwa haraka akasoma 869, riwaya inahamia kwenye fasihi ya Kireno, na huko hakuna atakayeitafuta. Pitieni mpangilio wa rafu zenye wasomaji wengi kila asubuhi, dakika 15 tu.

Kitabu kilichoshikiliwa kwa ajili ya mtu wa mtandaoni kiwe na karatasi yenye namba yake ya uanachama (jina lake wengine hawalihitaji) na tarehe ya mwisho. Wanaotumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, waangalie mipangilio: kufuta oda (vitabu vilivyoshikiliwa hivyo) zilizopitisha muda hakujiwashi kwenyewe. Msipokuwasha, rafu ya oda hujaa vitabu ambavyo wenyewe walishavisahau.

Daftari liwe moja kwa kaunta, simu na barua pepe: tarehe, njia, swali, jibu, aliyejibu. Anayeingia zamu ya mchana asome ya asubuhi kwanza, la sivyo msomaji aliyeandika saa 3 akija mwenyewe saa 9 ataanza kueleza upya. Madeni na faini visijibiwe kamwe ndani ya kundi la WhatsApp, hata kama mwenyewe ameuliza humo.

WhatsApp ya simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, basi unganisheni kompyuta ya kaunta. Kuandika kwa kibodi ni haraka zaidi. Tahadhari ni likizo ndefu. Simu kuu isipotumika zaidi ya siku 14, vifaa vyote vilivyounganishwa hutolewa. Mnapofunga chuo, mpeni mmoja wenu simu hiyo na chaja yake, na jina lake liandikwe kwenye daftari.