Viungo viwili au viungo wawili?

SWALI: Mimi na shemeji yangu hubishana kila Taifa Stars wanaposhuka uwanjani. Juzi aliandika kwenye kundi letu la familia: "Kocha aanze na viungo viwili vikabaji." Nikamsahihisha: "viungo wawili wakabaji." Akanijibu kwamba kiungo kimekuwa KI-VI tangu darasa la nne, na kwamba watangazaji wenyewe husema "kiungo chetu kimezidiwa". Tumewekeana soda. La pili: hivi hilo neno "mkabaji" lina heshima? Mtaani kwetu anayekaba ni kibaka. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Soda ni yako, ila usiifungue bado, kwa sababu shemeji ana hoja moja ambayo hukumjibu.

Kwanza neno lenyewe. Kiungo limetoka kwenye kitenzi kuunga, kwa njia ileile iliyotupa kizibo kutoka kuziba na kifuniko kutoka kufunika. Kwa hiyo lilizaliwa likiwa jina la kitu: kiungo cha goti, kiungo cha bega, na vilevile viungo vya pilau, maana mboga nayo huungwa. Nimewahi kusikia maelezo matamu kwamba mchezaji wa kati huitwa kiungo kwa sababu anaukoleza mchezo kama hiliki inavyokoleza chai. Natamani yawe kweli, lakini maelezo mepesi yanatosha: huyu ndiye anayeunga mabeki na washambuliaji. Akikosekana, timu inakuwa vipande viwili vinavyotazamana kwa mbali.

Neno la kitu likishavishwa mtu, Kiswahili hulibakizia umbo na kulibadilishia upatanisho. Kiongozi, kijana, kipofu, kinyozi na kibarua yote yana ki- mwanzoni, na hakuna asemaye "kinyozi kile kimefunga duka". Tunasema kinyozi yule amefunga duka, vinyozi wale wamefunga. Kuna mfano ulio karibu zaidi na mpira. Kigogo ni kipande cha mti, nacho kikioza utasema kigogo hiki kimeoza. Lakini vigogo wa Simba na Yanga wakikutana, vigogo hao wamekutana. Kiraka nacho ni kitambaa cha kuziba tundu la suruali, ila Erasto Nyoni alipokuwa akihamishwa kutoka beki ya pembeni kwenda beki ya kati, na kutoka huko kwenda kiungo, magazeti yalimwita kiraka, na kiraka huyo alicheza. Hakuna aliyeandika kiraka hicho kilicheza.

Hivyo basi: kiungo huyu, viungo hawa, kiungo wetu, viungo wawili. Ukisema "kiungo kile hakijui kupiga pasi" ukimwonyesha mtu, umemshusha awe kitu, kama tunavyosema "kijitu kile" tukiwa na hasira. Baada ya pasi mbovu ya dakika ya 89 naelewa hisia hiyo. Sarufi tu ndiyo haielewi.

Sasa hoja ya shemeji. Mtangazaji anaposema "kiungo chetu kimezidiwa", hamzungumzii mtu. Anazungumzia eneo, yaani idara nzima ya katikati: watu watatu au wanne pamoja na nafasi iliyo kati yao. Hapo kiungo kimerudi kuwa kitu, nacho kinastahili KI-VI yake. Tunapata jozi ambayo mimi naiona ni utajiri, wala si kosa: "kiungo amezidiwa" ni lawama kwa mchezaji mmoja, na "kiungo kimezidiwa" ni lawama kwa mpango wa kocha.

Chukua mechi ambayo Watanzania hawapendi kukumbushwa, ya Juni 27, 2019 jijini Cairo, kwenye fainali za AFCON. Stars walikwenda mapumziko wakiongoza Kenya 2-1, kwa mabao ya Simon Msuva na Mbwana Samatta dhidi ya moja la Michael Olunga. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha, kisha Olunga akafunga la tatu, ikaisha 3-2. Omolo alikuwa kiungo. Kwa hiyo Mkenya atasema: "Kiungo wetu alisawazisha." Mtanzania mwenye machungu anaweza kudai: "Kiungo chetu kilipwaya." Neno ni lilelile na usiku ni uleule, lakini mmoja anamsifu mtu na mwingine analaumu eneo. Ukichanganya viambishi hivyo viwili, msikilizaji hatajua nani abebe lawama.

Shemeji amekosea kwa kuwa alitaja idadi. Maeneo ya kiungo hayawi mawili uwanjani. Wanaokuwa wawili ni wachezaji, ndiyo maana lazima wawe wawili.

Hata kama angeponea hapo, "vikabaji" isingemwachia. Mkabaji si kivumishi kama -zuri au -refu kinachofuata ngeli ya jina lililotangulia. Ni nomino kamili, imesimama bega kwa bega na kiungo, na kila moja hubeba wingi wake: kiungo mkabaji, viungo wakabaji, kiungo mshambuliaji, viungo washambuliaji, kiungo mchezeshaji, viungo wachezeshaji. Geuza upande wa pili uone: beki kisiki, mabeki visiki. Hakuna anayesema "mabeki masiki". Na yule mkimbiaji asiyechoka, ambaye mashabiki wa Tanzania humwita kiungo punda, wingi wake ni viungo punda, kwa kuwa punda habadiliki hata akiwa mia. (Kipa tumwache kando. Limevaa ki- ya kuazima kutoka Kiingereza, na wingi wake ni makipa. Anayesema "vipa" anatania, au ni mtoto.) Ukitaka kulifuata eneo badala ya mtu, lugha inakupa njia nyingine: kiungo cha ukabaji, safu ya kiungo, eneo la kiungo.

Kuhusu heshima ya mkabaji. Ni kweli kukaba ni kubana koo, na kabali ni ndugu wa karibu wa neno hilo. Mwiba wa samaki hukaba, kibaka naye hukaba. Mpira umechukua wazo la kumnyima mtu pumzi, ukaacha uhalifu nyuma. Makocha wetu wameligawa vizuri tu: kuna kukaba mtu kwa mtu, ambapo unamfuata mpinzani hadi kwenye kibendera cha kona, na kuna kukaba nafasi, ambapo unasimama pale pasi inapotaka kupita. Mkabaji mzuri mara nyingi hamgusi mtu.

Wanaoona neno hilo ni kali hupendekeza "kiungo mlinzi". Si kosa, lakini mimi silipendi, kwa sababu kwa wasomaji wengi, hasa wa Kenya, mlinzi tayari ni beki, na msikilizaji wa redio hana picha ya kumsaidia. Tena kazi hizo mbili si moja. Sofyan Amrabat wa Morocco, kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, alisimama nyuma ya viungo wenzake, Azzedine Ounahi na Selim Amallah, na Morocco ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Kumwita mlinzi ni kumsogeza nyuma kuliko alipokuwa. Alikuwa akizuia mashambulizi yasianze, jambo ambalo ni tofauti na kuyasubiri yafike langoni. Huko ndiko kukaba. Victor Wanyama naye, nahodha wa Kenya katika mechi ile ya Cairo, alijulikana kote kama kiungo mkabaji, na sijasikia mtu akimhesabu na vibaka.

Sehemu hiyo ya -aji nayo ina kazi yake. Huonyesha mtu aliyezoea jambo au aliyelifanya kazi: msomaji, mwindaji, mchezaji. Winga akirudi mara moja kuzuia, amekaba, lakini hajawa mkabaji. Kwa hiyo mchambuzi akisema "leo Feisal Salum anakaba sana", hajambadilishia nafasi. Akisema "leo Feisal ni kiungo mkabaji", amembadilishia, na mashabiki wanaompenda akiwa karibu na lango wana haki ya kushtuka.

Mwambie shemeji kwamba sentensi yake ingesalimika kama angeandika: "Kocha aimarishe kiungo, kimekuwa chepesi." Na wewe uliyemsahihisha, nimeona mwishoni mwa ujumbe ulionitumia umeandika "viungo wetu wote wameumia viungo vyao". Imenichekesha, lakini ni sahihi neno kwa neno. Soda ichukue.