Kabla Hujakata Tiketi ya Sharm El Sheikh

Wiki iliyopita mama mmoja alinifuata uwanjani nikiwa namalizia somo la jioni. Mwanawe ana miaka 17, amewafunga karibu wenzake wote wa rika lake hapa Nairobi, na sasa anataka kuingia tenisi ya kulipwa. "Kocha, wewe ulipita huko. Nimruhusu?" Nilimwambia jibu langu ni refu mno kusemewa pale uwanjani. Ndilo hili, na ninamwandikia kijana mwenyewe, maana ndiye atakayelala kwenye viti vya uwanja wa ndege akisubiri ndege ya alfajiri.

Mdogo wangu, nilicheza kuanzia 2017 hadi 2022. Nafasi yangu ya juu kabisa duniani ilikuwa 1,100 na ushei. Naitaja kwa fahari, kwa sababu najua nilivyoihangaikia. Lakini nataka ujue mapema kwamba tenisi unayoiona kwenye televisheni na tenisi utakayoanza nayo ni kazi mbili tofauti. Mwanamume aliyefungwa raundi ya kwanza ya US Open mwaka 2024 aliondoka na dola 100,000. Anayefungwa raundi ya kwanza ya M15, ngazi ya chini kabisa ya wanaume, anaondoka na dola 156. Bingwa wa M15, aliyeshinda mechi tano ndani ya wiki moja, anapata dola 2,160. Na hapo kodi bado haijakatwa.

Mwaka 2018 jopo huru lililochunguza uadilifu wa mchezo huu lilisema ni wachezaji kati ya 250 na 350 tu wanaopata fedha za kufidia gharama zao, na hapo kocha hajahesabiwa. Wanaojaribu ni maelfu. Kwa hiyo ukiwa wa 900 duniani, wewe ni mchezaji hodari sana, pengine bora kuliko wote waliowahi kutoka mtaani kwenu, na bado kila mwezi unakula hasara.

Ndiyo sababu nasema usihesabu mechi, hesabu wiki. Katika ngazi hii unanunua wiki. Kila wiki unayosafiri ina bei, na lazima ujue unapata nini kwa bei hiyo. Nilikuwa na daftari la jalada gumu, lile la kawaida la shuleni, na kila wiki ilikuwa na ukurasa wake. Nakunakilia safari moja ya 2021. Sharm El Sheikh, Misri, wiki tatu mfululizo. Nauli dola 520. Hoteli na chakula, chumba cha wawili, usiku 21, dola 1,260. Ada za kushiriki dola 120. Jumla 1,900. Wiki ya kwanza nilifungwa raundi ya kwanza, dola 156. Ya pili nilifika 16 bora, dola 258. Ya tatu robo fainali, dola 438. Mapato yote 852. Hasara 1,048, na hiyo kwangu ilikuwa safari nzuri! Nilirudi na pointi tatu za ATP, zile zinazopanga nafasi za wanaume duniani: moja ya 16 bora, mbili za robo fainali. Gawanya mwenyewe. Kila pointi ilinigharimu karibu dola 350, na pointi huishi wiki 52 tu kisha inaanguka.

Sikuandikii haya ili nikuvunje moyo. Nakuandikia kwa sababu kabla sijaanza daftari lile nilikuwa nikisafiri kwa matumaini, na matumaini yalimaliza shamba dogo la baba yangu ndani ya miezi kumi na minne. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa, wiki gani ununue? Kuna miji inayoandaa M15 wiki baada ya wiki mahali pamoja: Sharm El Sheikh, Monastir ya Tunisia, Antalya ya Uturuki. Faida yake ni kwamba nauli moja inabeba mashindano matatu au manne. Usivuke bara kwa shindano moja. Ukifungwa Jumanne asubuhi, siku sita zilizobaki ni za kulipia kitanda tu. Ukiwa na wiki tatu mbele yako, kufungwa Jumanne kunakupa siku za mazoezi na watu ambao nyumbani huwapati.

Usisahau jirani. Kigali imeandaa mashindano ya Challenger, ngazi ya juu kuliko M15, tangu 2024, na kutoka Nairobi unafika kwa basi kupitia Kampala, kwa kitambulisho cha taifa ukishakipata. Pengine hutaingia kwenye droo, yaani orodha ya wanaocheza. Nenda tu. Kaa kwenye viwanja vya mazoezi asubuhi uangalie mtu wa nafasi ya 200 anavyopasha misuli, anavyorudisha mpira wa kuanzia, anavyokula kati ya mazoezi. Nilijifunza mengi kwa kumtazama mtu wa namna hiyo kwa saa mbili kuliko mwaka mzima wa kushinda mashindano ya nyumbani.

Kuna jambo la hewa ambalo hakuna aliyenieleza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, mpira unaruka kwa kasi, na kuna hata aina ya mpira iliyowekwa kwenye kanuni kwa ajili ya viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Pigo langu la mkono wa kulia lilikuwa silaha hapa nyumbani. Nilipofika pwani ya Misri, pigo lilelile lilirudi. Mpinzani alikuwa na muda wa kutosha kulifikia, na mimi sikuwa na mapafu wala subira ya kupiga mipira 20 katika pointi moja, kwa sababu sikuwahi kuihitaji. Dawa yake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Panda treni ya SGR uende Mombasa siku nane au kumi kabla ya safari, ucheze kwenye joto lile na unyevu ule, na upunguze mvuto wa nyuzi za raketi kidogo hadi mpira uende mbali bila kulazimisha. Nilianza kufanya hivyo mwaka wangu wa tatu, na matokeo yalibadilika.

Viza ndiyo iliyonifunga kuliko mpinzani yeyote. Fuata hesabu hii. Kujiandikisha kwa M15, au M25 iliyo ngazi moja juu yake, hufungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya shindano. Ndipo orodha inatoka na unajua kama umeingia. Kujitoa bila adhabu mwisho wake ni Jumanne, siku 13 kabla. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa kawaida huchukua hadi siku 15 kuamuliwa. Unaona? Ukisubiri orodha ndipo uombe viza, umechelewa. Mara mbili nilikaa na pasi yangu ikiwa kwenye ubalozi fulani huku mechi yangu ikichezwa na mtu mwingine, na juu yake nikalipa faini ya kujitoa nikiwa nimechelewa. Mwenzangu wa Ufaransa alikuwa akiamua Jumatano na kupanda treni Ijumaa. Hali haiko sawa, na hutaibadilisha wewe. Omba viza ya kuingia mara nyingi miezi miwili mitatu kabla, ukitumia ratiba ya msimu mzima na barua ya klabu, si barua ya shindano moja.

Barua ya klabu inaniletea jambo ambalo lingenisaidia mapema. Ujerumani, kuanzia Mei hadi Julai, klabu ndogo hata za vijijini hushindana kwenye ligi zao, na hulipa wachezaji wa kigeni kwa kila mechi. Kiangazi kimoja niliishi kwa familia moja ya klabu, nikalala chumba cha mtoto wao aliyekuwa chuoni, nikafundisha watoto Jumatano na kucheza Jumapili. Kwa miezi ile niliweka akiba zaidi ya zawadi zangu zote za mwaka uliotangulia. Hakuna pointi za dunia pale. Lakini kodi ya nyumba ya mama ililipwa, na nilipokwenda Monastir mwezi wa tisa sikuwa nacheza kila mpira nikifikiria nauli ya kurudi.

Jifunze kufunga nyuzi. Hili silo la kupuuzwa. Dustin Brown wa Ujerumani na Jamaika, kabla hajamfunga Nadal pale Wimbledon mwaka 2015, alizunguka Ulaya akilala kwenye gari ambalo wazazi wake walimnunulia, na alikuwa akiwafungia wachezaji wenzake nyuzi kwa malipo. Rola moja ya mita 200 inatosha raketi 16. Mimi nilinunua mashine ndogo ya mezani iliyokwishatumika, nikaibeba kama yai, na katika safari ile ya Sharm niliyokunakilia, pesa za nyuzi za watu wengine ndizo zilizonilisha nje ya hoteli. Sikuziingiza kwenye hesabu kwa sababu daftari lile lilikuwa la tenisi tu.

Cheza wawili wawili kila wiki, hata ukiwa umechoka. Fedha ni kidogo, jozi bingwa ya M15 inagawana dola 930, lakini unabaki mjini na sababu ya kuamka, na unapata mtu wa kula naye chakula cha jioni. Upweke wa kazi hii ni mkubwa kuliko unavyodhani. Katika droo ya watu 32, 31 watafungwa wiki hiyo. Wiki nyingi utakuwa mmoja wao. Wale niliowaona wakidumu si waliokuwa hawaumii. Walikuwa na mwenza wa kuzungumza naye, na walikuwa wakipiga simu nyumbani kabla ya kufungua mitandao.

Kuhusu mitandao, nisikilize vizuri. Baada ya kufungwa utapata matusi ya watu waliokuwekea dau, wakimtaja hata mama yako. Usijibu, funga. Siku nyingine utapata ujumbe wa heshima kutoka kwa mtu usiyemjua, akikuahidi fedha nyingi kuliko zawadi ya bingwa, ili upoteze seti moja tu. Mimi niliupata nikiwa na dola 60 mfukoni. Niliripoti usiku uleule. Kanuni zinakuadhibu hata kwa kunyamaza, si kwa kupokea tu, na kuna wachezaji wa nafasi zetu hizi waliofungiwa maisha. Weka mawasiliano ya ITIA, shirika linalosimamia uadilifu wa tenisi, kwenye simu yako kabla hujasafiri, usiyatafute siku ile ukiwa umechanganyikiwa.

Mama yako aliniuliza pia kuhusu chuo Marekani, kana kwamba ni njia ya walioshindwa. Sivyo. Paul Wekesa, Mkenya aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, alipitia chuo California. Angella Okutoyi alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Auburn. Cameron Norrie alitoka chuo cha Texas akafika wa 8 duniani. Miaka minne ya kocha, viwanja, daktari na chakula, bila kuuza shamba la mtu. Mimi nilipata ofa moja nikiwa na miaka 18 nikaikataa kwa sababu niliona itanichelewesha. Kwa moyo wangu wote, ukiipata, nenda.

Na kama hutaipata, au roho yako inakataa, basi nenda Sharm. Ila kabla ya kukata tiketi, kaeni mezani wewe na mama yako, muandike mambo mawili na kutia sahihi: kiasi cha fedha ambacho kikiisha hakiongezwi, na tarehe ya kukaa tena mezani. Mimi niliweka tarehe hiyo mwaka wa tano tu, na ni mke wangu aliyenishikia kalamu. Tuliandika nafasi ya 800 au Desemba 2022, kitakachotangulia.

Ukurasa wa mwisho wa daftari unasema hivi: Monastir, wiki ya 94. Raundi ya kwanza, nimeshinda 6-4 3-6 7-5. 16 bora, nimefungwa 6-3 6-4 na kijana wa miaka 18 ambaye hakukosea mpira wa kuanzia hata mara moja katika seti ya pili. Dola 258. Nyuzi, raketi sita za watu, nimelipwa zote. Goti la kushoto linauma nikishuka ngazi. Nimempa yule kijana rola iliyobaki.