Umeacha pombe, sasa chunga vidonge

Ndugu zangu mnaoanza safari ya kuacha pombe, karibuni sana. Mtapewa ushauri mwingi: achana na marafiki wa kilabuni, usipite njia ya baa, usishike hela nyingi mwisho wa mwezi. Yote ni kweli. Jambo ambalo huwa linachelewa kusemwa ni dawa. Mimi niliacha pombe zamani, na kwa miaka mingi sasa nakaa na wanaoanza, soba (nyumba za kuwasaidia wanaoacha ulevi) na kwenye vikao vyetu vya jioni. Katika wale niliowaona wakirudi nyuma, wapo ambao hawakupitia baa kabisa. Walipitia duka la dawa.

Nianze na siku za kwanza, maana hapo dawa inaokoa maisha. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka azimue, akikata ghafla mwili unagoma. Kati ya saa 6 na 24 baada ya tone la mwisho mikono inaanza kutetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne kuna wanaochanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanazungumza na watu wasiokuwepo, homa inapanda. Mitaani kwetu watasema amerogwa au ana majini, na familia itahangaika naye kwa waombeaji na waganga wakati saa zinakwenda. Hali hiyo inaua, na hospitali inatibika. Kwa hiyo kama unasoma haya na bado unakunywa kila siku, usijifungie chumbani ukasema unaacha leo kwa nguvu zako. Nenda kituo cha afya, useme unakunywa kiasi gani, bila kupunguza.

Hospitali watakupa diazepam, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, au chlordiazepoxide ambayo ni ya ukoo huo huo. (Majina nayaandika kama yalivyochapwa kwenye pakiti, ili ukiyaona uyatambue.) Dozi inaanza juu, inashushwa siku hadi siku, na kwa kawaida inaisha ndani ya wiki moja hivi. Watakupa pia thiamine, yaani vitamini B1, mara nyingi kwa sindano, na inatakiwa itangulie dripu ya glukosi. Mnywaji wa muda mrefu mara nyingi anakuwa ameishiwa vitamini hiyo. Sukari ikiingia kabla yake, ubongo unaweza kuumia na mtu akabaki na kumbukumbu mbovu maisha yake yote. Ukimuuguza ndugu yako, uliza kwa heshima: "Nesi, B1 ameshapata?" Hakuna nesi mwema atakayechukia.

Sasa angalia hatari ilipo. Diazepam inakutuliza kwa sababu inagusa mahali pale pale kwenye ubongo ambapo pombe ilikuwa inagusa. Kwa siku zile chache, chini ya uangalizi, ndiyo faida yake. Baada ya hapo ndiyo mtego wake. Wiki ya pili umerudi nyumbani, kutetemeka kumeisha, lakini usingizi haujarudi. Na hauna haraka ya kurudi. Kwa wengi inachukua wiki nyingi, kwa wengine miezi. Unageuka kitandani mpaka alfajiri, na kichwani unakumbuka kwamba kile kidonge cha hospitali kilikulaza vizuri.

Usiku mmoja nilimsindikiza kijana dukani. Aliomba kitu cha usingizi. Dada aliyekuwa zamu hakuuliza swali lolote. Alifungua kopo, akahesabu vidonge vya njano, akavitia kwenye ile bahasha ndogo ya dawa, akaandika juu yake "1 x 1 usiku". Jina la dawa hakuandika. Nilimwomba aliandike. Akaandika: Diazepam 5 mg. Kijana alikuwa ameimaliza dozi hiyo hiyo hospitali siku chache tu nyuma, na angeondoka nayo tena mfukoni bila kujua kabeba nini. Nikamweleza yule dada kwamba mgeni wake ameacha pombe juzi juzi. Akavirudisha vidonge kwenye kopo, akamwambia kijana aende kituoni asubuhi akamwone daktari. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa ameambiwa.

Diazepam ni dawa ya cheti, haitakiwi kuuzwa hivyo, na sote tunajua inavyouzwa. Basi ulinzi wako uanze mdomoni mwako. Kabla hujapokea dawa yoyote, kwa daktari, kwa mganga wa meno, dukani, sema: "Nilikuwa mlevi wa pombe, nimeacha. Hii inanifaa?" Najua ni maneno mazito, hasa kwenye mji mdogo ambapo muuza dawa mnasali naye kanisa moja, na nyuma yako foleni imesimama na masikio wazi. Andika kwenye simu umwoneshe. Au tembea mpaka duka la mtaa wa pili. Na usitoke na bahasha isiyo na jina la dawa. Ukiandikiwa "1 x 3" peke yake, rudisha, omba jina na nguvu yake, yaani miligramu ngapi.

Diazepam haiko peke yake. Piriton na Phenergan watu wanazifanya za usingizi ingawa ni dawa za mzio. Zinalevya usingizi, na ukianza kuzitumia kila usiku ubongo wako unajifunza tena kwamba kulala ni jambo la kumeza. Dawa za kikohozi zenye codeine ni jamii ya afyuni. Tramadol nayo ni hivyo hivyo, na ina ubaya wa ziada: inaweza kumwangusha mtu kwa kifafa, na aliyeacha pombe karibuni tayari yuko karibu na hatari hiyo. Pregabalin inatolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na ina watu wake walionasa. Pwani ya Kenya vijana wana vidonge wanavyoviita bugizi, ambavyo ni vya ukoo mmoja na Valium, vikali zaidi. Mtu akikuambia hivyo havina harufu kwa hiyo mkeo hatajua, ameshakuambia ni vya nini.

Mimi dalili ninayoiangalia kwa mtu aliyepewa dawa ya aina hii ni mwendo wake nayo. Anameza kabla ya saa yake. Anahamishia bahasha sehemu ambayo mwenzake haioni. Ananunua maduka mawili. Hapo sisubiri aone aibu, nakaa naye siku hiyo hiyo. Lakini aliyekwisha tumia vidonge hivi kila siku kwa muda mrefu asivitupe chooni kwa hasira usiku mmoja. Navyo vikikatwa ghafla vinaleta kifafa kama pombe. Daktari ampunguzie taratibu. Na ikitokea umeteleza ukanywa, usiongeze kidonge juu ya pombe ili ulale. Vikikutana hivyo viwili, au pombe na codeine au tramadol, pumzi inaweza kukata usingizini.

Maumivu ya kawaida nayo yana hesabu yake. Paracetamol, Panadol kwa wengi, ni salama kwa mtu mwenye ini zima mpaka vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Wewe ini lako limepigwa miaka mingi na akiba ya kusafisha sumu ya dawa hiyo imepungua, hasa kama ulikuwa unakunywa bila kula. Madaktari wengi wanawawekea watu kama sisi kikomo cha vidonge 4 kwa siku, yaani gramu 2. Shida ni kwamba paracetamol imejificha kwenye dawa nyingi za mafua na za mchanganyiko. Mtu anameza ya mafua asubuhi, ya kichwa mchana, Panadol usiku, anadhani ni dawa tatu. Soma pakiti. Ibuprofen, yaani Brufen, na diclofenac huwa zinasifiwa kwa mgongo, lakini tumbo la mnywaji mara nyingi lina vidonda, na kama ini limeshakuwa gumu kwa makovu, kunaweza kuwa na mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula ambayo ikipasuka damu haishikiki kirahisi. Ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, hiyo ni hospitali sasa hivi.

Nije kwenye dawa za kuacha pombe zenyewe, maana familia nyingi zinaziulizia. Disulfiram ndiyo ya zamani. Matumizi yake kwa walevi yalianzia Denmark miaka ya 1940. Inazuia mwili kumaliza kuvunja pombe, sumu inarundikana, na aliyekunywa anawaka uso na shingo, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, anatapika, presha inashuka. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo inaweza kuwa kifo. Kwa hiyo, akina mama na akina dada, nawaomba sana, msimtilie mume disulfiram kwenye uji bila yeye kujua. Nayaelewa machungu yenu, nimewaona mkilia. Lakini asiyejua amemeza nini atatoka atakunywa kama kawaida, na mnaweza kumzika. Dawa hii ni ya mtu aliyekubali mwenyewe, angalau saa 12 baada ya tone la mwisho, na nguvu yake inaweza kubaki mwilini mpaka wiki mbili baada ya kuiacha.

Anayeitumia ajue pombe inajificha: kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, dawa za kusukutua mdomo, mitishamba iliyolowekwa kwenye gongo au konyagi. Kwenye orodha ya viambato tafuta "alcohol" au "ethanol". Hata usiyetumia disulfiram, ladha ile tu kooni inatosha kuamsha kiu. Na mwenye disulfiram asimeze Flagyl, metronidazole, ambayo kwetu inaandikwa kwa kila tumbo na kila jino. Disulfiram na Flagyl zikikutana zinaweza kumchanganya mtu akili. Zinatakiwa kutengana wiki mbili.

Naltrexone inapunguza hamu, lakini inazuia dawa za jamii ya afyuni zisifanye kazi. Ukiwa umetumia tramadol au codeine karibuni, ikiingia inakutupa kwenye arosto kali, yaani mateso ya kukatikiwa na dawa ghafla; wanataka uwe safi siku 7 hadi 10 kwanza. Acamprosate inahitaji figo nzuri. Hizi mbili hazipatikani kila mahali.

Sasa upande wa pili, ambao unaniuma zaidi. Kuna wenzetu wakishaacha pombe wanaona kila kidonge ni ulevi, na wanahubiri hivyo kwenye vikao. Mgeni ana sonona, daktari kampa amitriptyline au fluoxetine, anaambiwa na mtu asiyejua hata kuisoma pakiti kwamba "umebadilisha chupa tu." Anaacha. Baada ya muda mfupi amezama, na akizama jirani yake wa kwanza ni pombe, au jambo baya kuliko pombe. Dawa hizi hazileweshi. Mwenye kifafa anayetumia carbamazepine au phenobarbital akiacha ghafla anaweza kufa kwa degedege lisilokatika. Hakuna mwenzako kikaoni, hata awe ameacha miaka 30, mwenye ruhusa ya kukuachisha dawa. Mimi nikisikia anayefanya hivyo namsimamisha mbele ya watu, na sitaacha.

Wenye dawa za TB na ARV, endeleeni. Waambieni tu kliniki historia yenu ya pombe: dawa za TB zinaligusa ini na huenda watataka kulipima mara kwa mara, na isoniazid inatakiwa iende na vitamini B6 ili miguu isife ganzi. Isoniazid na disulfiram nazo hazipatani.

Mnaotumia dawa za presha, sukari au warfarin (ya kuzuia damu kuganda), rudini mkapimwe upya wiki chache baada ya kuacha. Pombe ilikuwa inapandisha presha. Imetoka, presha inaweza kushuka, na dozi ile ile ikaanza kukupa kizunguzungu ukisimama. Wengi wanadhani ni udhaifu wa kuacha pombe.

Upasuaji utakuja siku moja, uwe ni wa henia, jino, au mama anayejifungua kwa kisu. Mwambie anayekupa nusukaputi kwamba ulikunywa, mwisho lini, na kama unatumia disulfiram au naltrexone, maana dozi na aina ya dawa vinategemea hayo. Usikatae dawa ya maumivu kwa kuogopa kurudi nyuma. Maumivu makali yasiyotulizwa nayo yanamrudisha mtu kwenye pombe. Ukipewa morphine wodini, ipokee. Za kwenda nazo nyumbani ziwe za siku chache, na usizishike mwenyewe. Rafiki yangu alipopasuliwa, mkewe alizifungia kwenye kabati la vyombo, akampa moja moja kwa saa zake, na zilizobaki akazirudisha kwa mfamasia bila kumuuliza. Panga hivyo kabla ya kulazwa, ukiwa bado na akili timamu, na mwambie mtu huyo mbele ya daktari kwamba funguo ni zake hata ukimbembeleza.