Kitako cha mche usikitafute chini

Nilipokuwa shuleni, kanuni ya ujazo wa mche niliijua kama jina langu: eneo la kitako mara urefu wa mche. Na bado nilikosa karibu kila swali. Kilichoniponza ni hilo neno "kitako". Nilidhani kitako ni pale kitu kilipokalia, basi nikiona mchoro nakimbilia upande wa chini, natafuta eneo lake, nazidisha na kimo. Kwa boksi mambo yalikwenda sawa, maana boksi uligeuze utakavyo, jibu ni lilelile. Ukija mche wenye uso wa pembetatu, naumia.

Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, tena nikiwa nakata sabuni. Mche wa sabuni ya kufulia ukiukata kwa kisu, uso wa kipande cha kwanza unafanana na wa kipande cha pili, cha tatu, hadi mwisho. Tunasema "mche wa sabuni" tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndio mche uleule wa hisabati! Kitako ni ule uso unaojirudia kila unapokata. Unaweza kuwa chini, ubavuni au mbele. Ukishaupata, tafuta eneo lake, kisha zidisha na umbali unaosafiri kutoka ncha moja hadi nyingine. Hata silinda tunaiita mche duara kwa sababu hiyohiyo: ikate popote sambamba na kitako, utapata duara lilelile. Piramidi haimo kwenye ukoo huu, kwa kuwa uso wake unazidi kupungua kadiri unavyopanda.

Juzi mpwa wangu alikuja na swali la hema. Mlango wa hema ni pembetatu, chini mita 3, pande mbili za mteremko mita 2.5 kila mmoja, na hema lina urefu wa mita 4. Tafuta ujazo.

"Mjomba, hili rahisi," akasema, akaandika 3 × 4 × 2.5 = 30.

Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwomba achore boksi ambalo hema lile lingeingia barabara, bila kubakiza nafasi pembeni wala juu. Upana mita 3, urefu mita 4. Na kwenda juu? Akataka kuandika 2.5, akasita. Ule 2.5 ni mteremko, na mteremko siku zote ni mrefu kuliko kimo kinachosimama wima.

Kimo chenyewe hakikutolewa, ndiyo mitego ya watunga maswali. Gawa pembetatu katikati, upate pembetatu mbili zenye pembe mraba. Kila moja chini ina mita 1.5, mteremko ni 2.5, na kanuni ya Pythagoras inafanya iliyobaki: 2.5 × 2.5 ni 6.25, toa 1.5 × 1.5 ambayo ni 2.25, inabaki 4. Kipeuo chake cha pili ni 2. Kwa hiyo boksi lina mita za ujazo 3 × 4 × 2 = 24, na hema lililo ndani yake haliwezi kuwa na 30. Akacheka mwenyewe.

Eneo la pembetatu ni nusu ya 3 × 2, yaani 3. Zidisha na mita 4, unapata mita za ujazo 12, nusu kamili ya boksi. Hili la boksi nalisisitiza kwa sababu linachukua nusu dakika tu na limeniokoa mara nyingi kuliko kanuni yoyote.

Halafu angalia, kwenye swali hilo kuna vimo viwili vinavyogombea jina moja: kimo cha pembetatu (2) na urefu wa mche (4). Mimi huwa navipaka rangi tofauti kwenye mchoro. Ukiviita vyote "kimo", utachanganya tu.

Bwawa la kuogelea ndilo linalowapata hata watu wazima. Urefu mita 20, upana mita 10, kina kinaanza mita 1 upande mmoja na kushuka taratibu hadi mita 3 upande wa pili. Ukitazama kutoka juu unaona mstatili, unashawishika kuuita kitako, kisha unabaki hujui uzidishe na kina kipi. Uso unaojirudia hapa ni wa ubavuni, nao ni trapeza, yaani umbo la pande nne ambalo pande zake mbili ziko sambamba. Eneo lake: jumlisha 1 na 3, gawa kwa 2, zidisha na 20, unapata 40. Mara upana wa mita 10, ni mita za ujazo 400, sawa na lita 400,000.

Vipimo navyo! Mita moja ina sentimita 100, ila mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo 1,000,000. Niliwahi kugawa kwa 100 kwenye mtihani nikapata tangi kubwa kuliko nyumba. Siku hizi nabadilisha vipimo vyote mwanzoni, kabla ya kuzidisha chochote.

Na mche ukiwa umeinama upande, haukusimama wima? Panga karata ziwe rundo lililosimama wima, kisha zisukume kidogo kidogo ziiname. Karata ni zilezile, ujazo ni uleule. Mwanahisabati Mwitaliano, Cavalieri, aliijenga hoja ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1635. Kwa hiyo pima kimo cha wima kutoka kitako hadi kitako, achana na ubavu ulioinama.

Tulimalizia na hori la maji lenye uso wa pembetatu, ncha yake ikitazama chini: upana wa juu sentimita 40, kina sentimita 30, ujazo lita 60. Urefu wake ni upi? Lita 60 ni sentimita za ujazo 60,000. Uso ni nusu ya 40 × 30, yaani 600. Gawa, unapata sentimita 100. Hapo alikwenda bila msaada. Nikamchokoza: maji yakifika nusu ya kina, ni lita ngapi?

"Thelathini."

Nikamwambia achore maji peke yake. Kina 15, na kwa kuwa hori linabana kuelekea chini, upana wa juu wa maji ni 20. Nusu ya 20 × 15 ni 150, mara 100 ni 15,000. Lita 15. Alirudia hesabu mara mbili, akaenda kumtegea dada yake swali lilelile.